Mzee Kamba Alivyonipandishia Bei ya Nyumba

Siku ya kwanza kumwona, alikuwa amelala juu ya godoro letu. Tulikuwa tumelishusha uani pamoja na vyombo vingine, tukarudi juu kuchukua kabati, na tuliposhuka tukamkuta mzee mwenye kofia ya sufu amejinyoosha juu yake, mikono kifuani, macho ameyafumba.

"Baba watoto, mwamshe huyo mlevi," mke wangu akaninong'oneza.

Kwangu mimi kumwamsha mtu nisiyemjua ni kazi nzito kuliko kabati. Nikasimama pale na upande wangu wa kabati, nikakohoa. Mzee akafungua jicho moja.

"Mimi ndiye mwenye gari mliloliita," akasema. "Nimeziona hizo ngazi zenu, nikaona bora nipumzike kabisa kabla sijachoka."

Mke wangu alicheka mpaka nusura aachie kabati. Toka siku hiyo hakutaka tuhamishwe na mtu mwingine.

Watu walimwita Mzee Kamba. Pikapu yake ilikuwa ya zamani, rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeikumbuka, na nyuma ya kiti alibeba kamba za kila aina: za katani, za nailoni, nyingine zimekatwa kwenye mipira ya matairi. Mzigo aliufunga mwenyewe, hakumwachia mtu. Kitanda alikipakia mwisho ili kishuke cha kwanza, kwa sababu, alisema, mtu aliyehama hana haja na kabati, ana haja na pa kulala. Kioo na televisheni vilikaa mbele pamoja naye. Mwenye kioo alikaa nyuma na masufuria.

Mimi ni fundi wa makochi. Wakati huo nilikuwa kwenye karakana nyuma ya duka la mbao, kazi yangu kung'oa misumari, kubadilisha sponji na kuvisha kitambaa kipya. Ni kazi inayonifaa, maana kochi halikuulizi kitu. Nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu na binti zetu wawili, na kila mwenye nyumba alipopandisha kodi, tulimwita Mzee Kamba. Alituhamisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara tukawa mbali kidogo zaidi na katikati ya mji.

Safari ya pili aliniweka mbele, kioo kikabebwa na mke wangu. Njiani akawa ananionyesha mitaa kwa kidevu, mikono ikiwa kwenye usukani.

"Pale mlipoanzia, kodi yako ilikuwa chumba na nusu. Ukivuka hili daraja, kodi ile ile ni vyumba viwili na choo cha kuchangia. Ukifika kiwanda cha sabuni, vyumba viwili na choo chako. Mwisho wa lami unapata nyumba nzima, ila utatoka kwenda kazini alfajiri mpaka watoto waisahau sura yako."

"Na baada ya hapo?" nikauliza.

"Baada ya hapo watu wa mjini hawaulizi."

Yeye mwenyewe aliuliza mapema. Aliwahi kuwa dereva wa kampuni ya saruji, na kampuni ilipofungwa, badala ya malimbikizo ya mshahara akapewa ile pikapu. Alijenga nyuma ya kiwanda cha sabuni wakati kule ni majani matupu. Mke wake alilia mwaka mzima kwa kelele za vyura. "Sasa wanamletea bei kila mwezi," Mzee Kamba alinisimulia, "na yeye ndiye hataki kusikia habari ya kuhama. Anasema vyura amewazoea. Vyura wenyewe walishaondoka, wamejengewa duka."

Mwenye nyumba wetu wa nne alitaka kugeuza vyumba vyetu kuwa duka la simu. Aliniambia kwa adabu sana, na mimi kwa adabu nikamshukuru. Mke wangu aliposikia kwamba nimeshukuru kufukuzwa, akasema, "Ungemwongezea na zawadi."

Tulikuwa na akiba. Tuliiweka kidogo kidogo kwenye chama cha mafundi, miaka kadhaa, na tulikubaliana haitaguswa kwa jambo lolote isipokuwa nyumba. Basi nikaenda kwa dalali. Akanionyesha kiwanja nyuma ya nguzo ya umeme. Kilikuwa kidogo hivi kwamba ukilala, miguu iko kwa jirani. Bei yake ilikuwa akiba yetu yote, bila tofali hata moja juu. Dalali alinishika bega, akaniita kaka, akasema kuna mwingine anakuja na pesa mkononi. Mimi kumkatalia mtu aliyenishika bega sijui. Nikasema nitarudi kesho kulipa, na nilikuwa na nia hiyo kweli.

Nilimpigia simu Mzee Kamba aje apange siku ya kutuhamisha. Alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Sikuhamishi," akasema.

"Mzee, tuna wiki chache tu."

"Nakuhamisha kama paka na watoto wake, fundi. Pesa yako imeishia kwenye tangi la gari langu, na mimi naona haya. Kesho nampeleka mwalimu mmoja kwenye mji mdogo huko mbele, amepata uhamisho. Twende ukatazame nyumba. Ukiikataa, nitakuhamishia popote unapotaka, bure."

"Bure!" mke wangu akasema kutoka ndani. "Mwende hata sasa hivi."

Mji huo uko mwendo wa nusu siku. Tulimshusha mwalimu, kitanda kwanza, kisha Mzee Kamba akanipeleka kwenye nyumba ya vyumba vitatu, bati juu, lipu mbele tu na nyuma matofali yako wazi. Kulikuwa na tangi la maji na uwanja wa kutosha kuanika nguo za mtaa mzima. Mwenye nyumba alikuwa muuguzi mstaafu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mume wake alishafariki, na magoti yake hayakumruhusu tena kukaa peke yake, kwa hiyo alikuwa anahamia kwa binti yake mjini, kule kule tulikotoka sisi. Alitukaribisha barazani, akatupa maji ya kunywa, akataja bei.

Sikujibu. Bei yenyewe ilipita akiba yetu, lakini si kwa mengi, na hapo nilikuwa natazama milango, madirisha, tangi, na kile kiwanja cha nyuma ya nguzo kikinijia kichwani. Nyumba nzima! Nikawa natazama sakafu.

Mama akanitazama. "Haya, najua lipu haijaisha nyuma," akasema. Akapunguza.

Nilitaka kusema kitu. Maneno yakafika kooni yakakaa. Mzee Kamba akanikanyaga mguu. Nikamtazama yeye, nikarudi kutazama sakafu.

"Kijana wako ni mgumu," mama akamwambia. "Wafanyabiashara wa mjini mnatuonea kweli." Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akapunguza tena. Sasa bei ilikuwa imeingia ndani ya akiba yetu, na chenji ingebaki. Nilijua nikikaa kimya kidogo tu, mambo yamekwisha, nina nyumba.

"Mama, usishuke tena," Mzee Kamba akasema. "Huyu si mgumu. Huyu ni mwenye haya. Hata huyo mke wake, nani alimposea, mimi sijui."

Mama akacheka kidogo, lakini hakuelewa.

"Nakuuliza, kwa binti yako unakaa wapi?"

"Ana vyumba viwili na watoto. Nataka nijenge kachumba uani pake, nisiwabane."

Mzee Kamba akanigeukia. "Umesikia? Mama anapeleka pesa ya huku akaitumie kule. Wewe unakuja na pesa ya kule kununua huku. Hiyo bei ya mwisho, akivuka daraja, haimfikishi kwenye bati. Ataweka kuta, alale anatazama nyota." Kisha akamwambia mama, "Rudi kwenye ile bei ya pili. Pungufu atakulipa kidogo kidogo, ana mikono. Na mizigo yako nitaipakia mimi siku ya kuwaleta hawa. Gari huwa linarudi tupu."

Mama akauliza, "Wewe uko upande wa nani, mzee?"

"Mimi ni dereva," akasema. "Napita pande zote."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndilo jambo pekee nililolifanya siku ile.

Njiani kurudi hatukusema kitu, na kwa mara ya kwanza si kwa sababu ya aibu yangu. Nilikuwa nimekasirika. Nyumbani, mke wangu alisikiliza habari yote akiwa ameshika mwiko.

"Subiri," akasema. "Bei ilikuwa imeshuka, na yeye akaipandisha?"

"Ndiyo."

"Mlikwenda kununua au kuuza?"

Lakini usiku ule tulipiga hesabu zetu, tukamfikiria yule mama na kachumba chake, na asubuhi mke wangu akasema, "Hata mimi nisingelala vizuri mle ndani." Dalali wa nguzo ya umeme nilimkatalia kwa simu. Mke wangu ndiye aliyeongea.

Ilibaki shida moja, na ndiyo inayofanya nyumba za kule ziwe rahisi: kazi hakuna. Nani katika mji mdogo anavisha kochi kitambaa kipya? Wanakaa juu ya sponji mpaka lichomoke. Mzee Kamba alicheka nilipomweleza. "Wewe unadhani nakuja huku kwa ajili ya hewa? Nikileta watu wanaohama, nitakuletea na makochi. Nikirudi, nayarudisha yakiwa mapya." Karakana yangu ikawa chini ya bati langu mwenyewe, bila kodi, kwa hiyo nikaweza kufanya kwa bei ndogo kuliko mafundi wa mjini, nauli ikiwa ndani yake. Mpaka leo ndivyo tunavyoishi. Binti zangu walijifunza kuvuta kitambaa kabla hawajajifunza kupika, na mdogo ana mkono mzuri kuliko wangu.

Siku tuliyohamia, kitanda kilishuka kwanza kama kawaida, na jioni ile ile vitu vya mama muuguzi vikapakiwa, yeye mbele na kioo chake. Alinikabidhi funguo pale barazani ingawa alikuwa bado ananidai. Nilimlipa nilivyoahidi, na kachumba chake kikaezekwa.

Mwaka uliofuata akaja mpwa wa marehemu mume wake. Alisimama uani kwangu akasema kwamba ile ni mali ya ukoo, kwamba mjane alirubuniwa na watu wa mjini kwa bei ya kutupa. Aliongea kwa sauti, majirani wakajaa. Mimi, kama mnavyonijua sasa, nilisimama nikiwa na nyundo mkononi, bila neno. Mke wangu ndiye aliyempigia simu yule mama. Alikuja kwa basi na magoti yake yale, akashuka akishikwa mkono, akaketi kwenye moja ya makochi ya wateja.

"Nani karubuniwa?" akamuuliza mpwa. "Huyu alinilipa zaidi ya nilivyomwomba mwisho. Wewe ulinilipa nini, hata nauli ya kunitembelea?"

Mpwa aliondoka kabla chai haijachemka, wala hakurudi tena. Nilifikiri sana siku ile. Kama ningechukua ile bei ya tatu, yule mama angekuwa na sababu gani ya kupanda basi kuja kunisimamia?

Toka hapo nilitaka kumshukuru Mzee Kamba. Kila alipoleta makochi nilijiandaa, na kila mara nikaishia kumwongezea sukari kwenye chai. Mke wangu akawa ananisuta: "Mshukuru mzee kwa mdomo, bwana. Sukari itamuua."

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mchana wa jua kali. Miezi michache baadaye mke wake alinipigia simu kunieleza kwamba amefariki, kwake, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Lakini mchana ule alikuwa na afya na maneno mengi. Alikuwa amewaleta maharusi wapya mtaa wa pili, akapita kwetu, akazunguka nyumba, akapapasa lipu ya nyuma ambayo nilikuwa nimeimaliza mwenyewe.

"Imepinda," akasema.

"Kidogo," nikasema.

"Nzuri. Ukuta ulionyooka sana wanakupandishia kodi ya jengo."

Alikunywa chai, akapanda gari, likakataa kuwaka. Nikaenda nyuma kusukuma, binti zangu wakaja pembeni yangu. Hapo nyuma, nikitazama kibao cha namba na si uso wa mtu, maneno yalitoka. Sijui yalitoka wapi. Nilipiga kelele jinsi ambavyo sijawahi kupiga maishani.

"Mzee! Asante! Asante kwa nyumba! Asante kwa ile bei! Watoto wangu wana kwao, mzee! Asante!"

Majirani wakatoka magetini. Mke wangu alisimama barazani ameziba mdomo. Binti zangu walicheka mpaka wakaacha kusukuma, na mimi nikaendelea peke yangu, nikisukuma na kupaza sauti, gari likakohoa, likashika, moshi ukanijaa usoni, nami bado nimeng'ang'ania nyuma. Mzee Kamba akatoa kichwa dirishani, kofia ya sufu imemwendea upande.

"Nimesikia, fundi! Mtaa mzima umesikia! Achia gari sasa, limeshawaka!"