Bomba Zilizohama Uani kwa Bi Salma

Msiniambie nilipigwa na jua. Jua la Mombasa nalijua, limenichoma mgongo miaka yote ya kazi yangu na halijawahi kuniletea mwanamke mbele ya macho. Haya yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, Mji wa Kale, nikiwa nimeshiba na akili zangu timamu.

Mimi ni Mtaita, nakaa Tononoka. Ni fundi wa mabomba, tena mwanamke, na fundi mwanamke akikosea mara moja, mji mzima unajua kabla hajafunga mkoba wake. Bi Salma alikuwa akiigeuza nyumba ya marehemu babake kuwa nyumba ya wageni. Akanunua jakuzi, lile beseni kubwa la maji moto ya mapovu, akaliweka uani. Fundi wa kwanza, bwana mmoja ambaye sitamtaja, aliziacha bomba za pampu na za beseni zikapishana vidole viwili, kisha akazivuta kwa nguvu zikutane. Zikavuja. Ndipo nikaitwa mimi, na yule bwana akaapa barazani kwamba nitashindwa.

Nishindwe? Nilikata, nikapima kwa pimamaji, nikaunga upya. Zikanyooka sawasawa. Nikajaza maji, nikayapasha moto, nikawasha pampu: hakuna hata tone. Maji yalikuwa bado yananuka gundi, basi nikayafungulia yote yangali moto yaingie kwenye shimo la maji machafu pale uani, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Asubuhi Bi Salma akanipigia simu. "Fundi, hizi bomba zako zina miguu?"

Nikaenda mbio. Naam, zimepishana vidole viwili vilevile. Hazikuvunjika, zimeachana tu kana kwamba hazijawahi kuonja gundi. Niambie, wewe ungesemaje? Nikaunga tena, nikajaribu tena, nikamwaga tena. Kesho yake yale yale!

Bi Salma akasema nami kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi. "Mwanangu, wageni waja kesho. Ikifika alasiri leo kazi haijakaa, ntamrudisha yule wa kwanza."

Basi adhuhuri ile Bi Salma yuko juu anaswali, nami nimepiga magoti peke yangu mbele ya bomba, nikasikia, "We fundi." Hodi haikupigwa, mlango haukulia. Mwanamke amesimama ukutani, leso imemlowa chapachapa. Nilidhani ni jirani. Nikatazama jina lililoandikwa kwenye leso yake, kama tufanyavyo wanawake, nione anamsema nani. Herufi zote zimegeuka, kama uzionavyo kwenye kioo.

"Mbona wawachoma wanangu?" akasema, kwa sauti ya mama aliyelia mpaka akachoka. "Msukuma mkokoteni apita asema simile, watu wampishe. Wewe wamwaga maji ya moto mlangoni mwetu, husemi neno. Hukufunzwa?"

Kisha leso ile ikaingia kwenye wavu wa shimo, taratibu, kama maji yaingiavyo, naye akiwa ndani yake.

Miguu ilitaka kukimbia. Lakini wallahi, pamoja na hofu nilishikwa na furaha: kumbe si mkono wangu uliokosea! Simile! Neno nalisikia kila siku sokoni Marikiti, na siku zote nilidhani ni kelele za kazi tu. Nikaliinamia lile shimo. "Mama, niwie radhi, sikujua. Kuanzia leo mtasikia kwanza."

Nilipogeuka kuzishika bomba, zilisogea zenyewe, zikakutana, tak! Kazi yangu ikawa kupaka gundi.

Alasiri yule bwana akafika na mkoba wake, meno nje. Nikawasha pampu. Mapovu hayo! Bi Salma hakungoja wageni, aliingia majini na dera lake na kupiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Bwana akapapasa kila kiungo, mkono ukarudi mkavu. Akaondoka bila kuaga. Lo, niliringa siku ile, na sijaacha kuringa.

Jakuzi halijavuja hadi leo, na Mji wa Kale bomba ikisumbua huitwa mimi. Lakini kuna jambo limenibakia. Kila nikitaka kumwaga maji ya moto, popote pale, nikisema, "Simile, maji moto," nasikia vijiguu vya watoto chini ya sakafu vikikimbia kupisha. Hupita wote kwa fujo, halafu huja mmoja nyuma yao, polepole, anachechemea.

Basi nawe unayenisikiliza, ukiwa na sufuria la maji yanayotoka moshi, sema simile. Na ukishasema usimwage papo hapo. Mngoje yule wa mwisho apite.