Hela ya Sabuni

Baba yangu alinitembelea gereji mara moja tu, na alichokisikia siku hiyo alikitumia kutuburuza mimi na mama ustawi wa jamii. Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, najifunza ufundi wa magari hapa Iringa. Yeye alikuwa Rujewa na mke mwingine, mashine ya kukoboa mpunga na pikapu anayoipangusa kuliko alivyowahi kunipangusa mimi makamasi. Kila mwezi alituma matunzo yangu kwa shingo upande. Hela hiyo ndiyo iliyomlipa mwenye gereji ada ya kunifundisha, maana masweta ya shule aliyofuma mama yalitosha chakula na kodi ya chumba, basi. Matunzo yakikatika, gereji ningeiaga.

Siku hiyo alisimama mbali na oili, asichafue viatu. Mteja mmoja akaniita, "Fundi, hebu njoo usikilize hii injini." Baba akageuka haraka, macho yamemtoka. Sasa, nani asiyejua kwamba huku kwetu yeyote mwenye grisi mikononi ni fundi? Hata anayefagia gereji huitwa fundi. Ni heshima ya bure tu, kila mtu anaigawa. Lakini baba alilidaka neno lile kama kuku aliyeona punje, akaenda kumuuliza mwenzangu kama tunalipwa. Mwenzangu akamjibu ukweli, kwamba jioni tunapewa hela ya sabuni. Ni hela ya kuondolea grisi, na ikibaki unanunua andazi.

Wiki haikuisha tukaitwa. Baba alikuja amevaa suti, kwenda kumkana mtoto kwa nguo za harusini.

"Huyu siyo mtoto tena," alimwambia afisa, mama mmoja wa makamo. "Nimesikia kwa masikio yangu, watu wanamwita fundi. Anapokea mshahara kila jioni. Fundi gani analishwa na baba yake?"

Mama aliinama, akaanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Miaka yote hiyo mtu yule alikuwa bado anaweza kumtisha. Nilisikia hasira imenipanda hadi kichwani, nikasema mwenyewe.

"Shikamoo baba. Gari lako breki zinalia, nimelisikia ulivyokuwa unapaki hapo nje. Nipe funguo nikazifungue nizitengeneze, ndiyo urudi nalo Rujewa."

Alinitazama kama nimemtukana. "Breki? Wewe? Thubutu. Gari yangu haishikwi na mtoto."

Afisa akaweka kalamu mezani. "Umesema haishikwi na nani, mzee?"

Alijaribu kujitetea. Alisema alimaanisha mtoto kwa maana ya mtoto wa kike, halafu mtoto kwa maana ya uzoefu, halafu akasema ofisi ina joto. Joto, Iringa, mwezi wa saba. Hakuna aliyemsaidia. Afisa akamwambia matunzo yataendelea mpaka nitimize miaka kumi na minane, na hela ya sabuni asiitaje tena mbele yake.

Baba akauliza jambo moja tu kabla ya kutoka. Alitaka kujua nimezaliwa lini. Hakuniuliza mimi wala mama, alimuuliza afisa, ambaye alikuwa na nakala ya cheti changu, kisha baba akaiandika tarehe kwenye kiganja chake.

Alilipa bila kukosa. Nikamaliza mafunzo, nikabaki palepale kazini. Asubuhi niliyotimiza miaka kumi na minane, jua halijachomoza vizuri, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wake: "Leo umefikisha 18. Mambo ya matunzo yameisha."

Nililia, na namdharau mpaka leo kwa kuniliza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu baba kukumbuka siku niliyozaliwa.