Maji ya Moto Getini kwa Mzee Faki

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa madereva hakunipa ufunguo. Alinipeleka uani pale Harrow, huku ughaibuni, theluji imetanda, akanionyesha magari mawili. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, na Kiswahili chake kilikishinda changu kwa vituko. Gari la kwanza lilivutwa na magurudumu ya mbele: uzito wa injini huyakandamiza, kwa hiyo huondoka vizuri, lakini ukikanyaga mafuta kwa pupa huteleza na usukani haukusikii tena. La pili liliendeshwa na magurudumu yote manne, nalo hupanda mlima bila kulalamika. Nikalitamani hilo. Akacheka.

"Four-wheel itakusaidia kwenda, bwana. Kusimama ni wewe na Mungu wako."

Kazi yetu ilikuwa kuwachukua wagonjwa majumbani na kuwapeleka hospitali. Nilianzia kituo chetu cha Woolwich na gari la aina ile ya kwanza, nikajifunza kuondoka kwa gia ya pili na kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Baadaye nikarudishwa Harrow, nikakabidhiwa lile la pili. Abiria wangu wa kudumu akawa Mzee Faki, Mpemba mwenzangu, aliyefiwa na mkewe. Figo zake zilikwisha kazi, damu yake ikisafishwa kwa mashine, na kukosa safari moja ilikuwa hatari. Aliishi peke yake juu ya kilima. Wiki nzima hakuna aliyempigia hodi ila mimi.

Asubuhi moja theluji iliziba barabara. Msimamizi akanipigia simu, akasema Mzee asikose kwa hali yoyote. Gari likapanda kilima vizuri kabisa. Kutoka barabarani kulikuwa na mteremko mfupi wa kushukia getini kwake, na yeye amesimama pale na mkongojo wake. Nikakanyaga breki, gari likaendelea kumfuata. Chini palikuwa barafu tupu. Nikaachia breki, nikashusha gia, nikaligeuza taratibu mpaka likajikita kwenye lundo la theluji pembeni. Lilisimama karibu naye mno.

"Nimemwaga maji ya moto hapa tangu alfajiri theluji iyeyuke, mwanangu," akasema. "Nilichelea usije ukarudia njiani."

Kwetu mgeni akitarajiwa, uwanja hunyunyizwa maji kutuliza vumbi. Hapa yalikuwa yameganda. Nilitaka kumkaripia, nikashindwa. Nikamshika mkono, nikampakia, tukateremka kwa gia ya kwanza hadi kwenye mashine yake.

Mzee Faki ametangulia mbele ya haki, nami nimestaafu. Wanangu hunipigia simu. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, kisha tunaagana. Nyinyi madereva vijana magari yenu yana akili zake, lakini sheria haijabadilika: mguu mwepesi, na nafasi kubwa mbele yako.

Juzi theluji ilianguka nikingojea gari la hospitali linipeleke kliniki ya macho. Nikajikuta mlangoni, birika la maji ya moto mkononi. Nikalirudisha jikoni, nikachukua pakiti ya chumvi, maana hiyo huyeyusha barafu isigande tena. Nikaimwaga kizingitini, nikaimwaga getini, kisha nikaendelea kuimwaga barabarani mpaka pakiti ikaisha, na gari bado halijaonekana.