Pikapu ya Kuteremka White Bird

Kabla ya chakula cha mchana Orval Stroud alikuwa amekwisha kataa pikapu nne, na kila moja aliitafutia kosa. Ya kwanza ina kelele. Ya pili vioo vyake vya pembeni vimekaa upande. Ya tatu, alisema, ina taa nyingi ndani mpaka mtu anajiona yuko saluni. Ikafuata ya nne. Aliizunguka, akapiga teke tairi la nyuma, akakunja uso na kwenda zake.

"Bwana Stroud," akasema Kip Lorentz, muuzaji, "unachagua gari au unachagua mchumba?"

"Mchumba nilimchagua kwa dakika tano. Ndiye yule pale anamaliza karanga zako za bure."

"Dakika tano zako hizo," akajibu mkewe Nedra, mdomo umejaa. "Mimi kukubali nilichukua miaka miwili, na bado nafikiria."

Kip alicheka. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyekundu na watoto wawili, lakini kwa Orval alibaki yule mtundu wa kiti cha mwisho, aliyewahi kurusha chungwa dirishani basi likiwa mlimani. Nusu ya wakazi wa mji wao wa Grangeville walikuwa hivyo kwa Orval. Miaka thelathini aliendesha basi la shule, akiwapandisha watoto wa White Bird, kijiji cha bondeni, asubuhi na kuwateremsha alasiri, na mlima ule si wa mchezo. Ni maili saba za mteremko mkali, kona baada ya kona, na pembeni zimechimbwa njia za kokoto za kuwapokea madereva wa malori waliokimbiwa na breki. Orval alishuka pale kwenye barafu, kwenye ukungu, kulungu wakikatiza, na hakukwaruza hata rangi. Wazazi wa huku walikuwa wakisema basi la Orval likichelewa, basi saa ndiyo mbovu.

Kwa hiyo nani angemshangaa mtu kama huyo akiwa mgumu kuridhika na gari? Hata Kip aliona ni haki yake. Ila ukweli ni kwamba Orval hakuwa mgumu wa kuridhika. Alikuwa anaogopa. Aliogopa tangu alipoamka, aliogopa akinyoa ndevu, na pale uwanjani, katikati ya magari yanayong'aa, aliogopa mpaka mate yamemkauka. Lile teke alilopiga tairi, mguu wake haukulisikia.

Kisukari kilimwanza kwa kuwashwa vidole vya miguu, kisha ganzi, na ganzi ikapanda taratibu mpaka kwenye vifundo. Alimwambia daktari kidogo na mkewe alimwambia kidogo zaidi. Siku moja ya theluji, watoto wamekwisha shuka shuleni, alikanyaga breki na basi likaruka mbele. Mguu ulikuwa juu ya mafuta na yeye hakujua. Basi lilipanda rundo la theluji mahali ambapo muda mfupi kabla wasichana wawili walikuwa wamesimama wakifunga skafu. Hakuna aliyeona. Orval alichukua koleo akafukua magurudumu, akatapika nyuma ya basi, akarudi nyumbani akala chakula cha jioni kama kawaida. Wiki hiyo akaaga kazi.

Mji ukamfanyia sherehe yenye keki ya umbo la basi. Na pale pale, kabla hajapata pa kujificha, Nedra alisimama na kutangaza mbele ya watu wote kwamba sasa ni zamu yake: majira ya baridi yajayo wangefunga nyumba na kwenda kukaa jangwani Arizona, kama wanavyofanya wazee wenzao. Maisha yake yote Nedra aliyaishi kwenye uwanda huu wa ngano. Watu walipiga makofi, na Orval naye akapiga.

Trela walilinunua kabla ya gari la kulivuta, kosa ambalo wazee wa huku hulifanya kila mwaka bila kuchoka. Unakwenda kwenye maonyesho, unaona jiko, unaona sofa mbili na meko ya umeme ya kuota moto, unatia sahihi. Ukifika nyumbani ndipo unagundua pikapu yako haiwezi kubeba hata pua ya trela hilo. La akina Stroud lilisimama uani tangu vuli, baridi yote ikapita halijaenda kokote, refu kuliko sebule na vyumba vyao vikiunganishwa. Nedra alikuwa akienda kunywa kahawa humo ndani, trela likiwa halijatoka hata getini. Orval akitazama dirishani aliona kitu kizito kinachongoja kumsukuma mgongoni.

"Njooni niwaonyeshe hii," akasema Kip.

Ilikuwa pikapu ya dizeli, rangi ya damu ya mzee, yenye matairi mawili kila upande wa nyuma. Kip alifungua mlango akaonyesha kibandiko cha uzito kwenye nguzo ya mlango. "Watu wanaangalia gari linavuta kiasi gani, wanasahau linabeba kiasi gani. Shingo ya trela lenu inakaa juu ya mgongo wa pikapu. Ongeza nyinyi wawili, mafuta, mbwa."

"Hatuna mbwa," akasema Orval.

"Jangwani mtapata. Zile nne za mwanzo ulikuwa na haki kuzikataa, zingelala chini. Hii haitikisiki." Akamkalisha Orval kwenye usukani, kiti kikasogea kwa umeme mpaka miguu ikafika. Kip akabonyeza kitufe chenye namba moja na kukishikilia. "Hapo, kimekuhifadhi. Hata akikaa mwingine, wewe ukibonyeza moja kitarudi kwako."

Nedra alikuwa amepanda upande wa pili. Alinyoosha kidole kwenye kijiti kidogo cha plastiki, kulia kwa usukani. "Na hiki cha nini?"

"Breki ya trela peke yake, Bi Nedra. Ukikibana, trela linajishika, linaacha kulisukuma gari."

"Na mtu aliyekaa huku nilipo anakifikia?"

"Nedra," akasema Orval, "usimchoshe kijana kwa maswali."

"Nimeuliza tu, bwana we. Karanga zimekwisha." Akanyoosha mkono, akakigusa kijiti, akaurudisha.

Orval alikuwa bado anatafuta kosa la kuibandika pikapu hii, na alikuwa karibu kulipata, pale Kip alipomwahi. "Najua utasema nini. Utasema mpaka uione mlimani. Basi twende. Nimekwisha ongea na bosi. Kwa mwingine hatukubali, lakini wewe ni dereva wetu sote. Tunapita kwenu, tunafunga trela, tunashuka nalo White Bird. Ukishaona inavyoshuka hutakuwa na la kusema."

Angesema nini? Kwamba yeye, Orval Stroud, hawezi mteremko ule? Alisikia sauti yake ikisema, "Twende," nayo ilikuwa imara kabisa, sauti ya dereva wa basi.

Trela lilifungwa. Kip alikaa kiti cha nyuma, akisimulia habari za chungwa lile kana kwamba Orval hakuwepo siku hiyo. Barabara ya tambarare haikuwa na shida. Orval aliendesha kwa macho na kwa mazoea, na kila alipotaka kubadilisha pedali alishusha macho haraka, kuutazama mguu wake ulipo kama mtu anayeangalia mtoto asipotee sokoni. Aliona hilo linawezekana. Alijipa moyo. Kisha wakafika juu kabisa, ardhi ikakatika mbele yao, na bonde lote likafunguka chini, la kijani na la kina.

"Washa breki ya injini," akasema Kip, na Orval akaiwasha. Pikapu ikanguruma, ikajizuia. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. "Unaona?" akasema Kip. "Bibi yangu angeweza."

Kona ya tatu ni kali. Orval alihitaji breki ya mguu. Alitaka kutazama chini, lakini lori la magogo lilikuwa linapanda upande wa pili, akaogopa kuondoa macho barabarani. Akanyanyua mguu, akaupeleka anapodhani pana breki, akakanyaga.

Injini ikapiga kelele. Breki ya injini, ikisikia mafuta, ikaachia. Trela likawasukuma kwa nyuma, pua ya pikapu ikaelekea kwenye kingo za chuma, na ng'ambo ya kingo hakukuwa na kitu ila hewa. Orval akakanyaga zaidi. Akakanyaga kwa nguvu zake zote, maana kichwani mwake ile ilikuwa breki, na gari lilizidi kukimbia, na jambo pekee aliloweza kufikiri ni, sasa ninamuua Nedra.

"Toa mguu," akasema Nedra. Hakupiga kelele. Mkono wake ulikuwa umekwisha fika, umekibana kile kijiti. "Orval. Toa mguu wote. Vuta goti."

Akavuta goti. Nyuma yao trela lilijishika, likawavuta kama mtu aliyemkamata mwenzake ukosi. Matairi yakalia, harufu ya moto ikaingia. Nedra hakukiachia kijiti mpaka walipoingia kwenye uwanja wa kutazamia bonde, pale wageni wanapopigia picha, na gari likasimama.

Kisha Kip akashuka kutazama magurudumu ya trela, akarudi dirishani kwa Orval, uso mweupe, akijaribu kucheka. "Kosa langu hilo, Bwana Stroud. Pedali za hizi zimekaribiana, ningekwambia mapema. Na hivyo viatu vyako vipana. Ingemtokea mtu yeyote."

"Ndiyo," akasema Orval. "Zimekaribiana sana." Na Mungu amsamehe, akahisi ahueni. Amepata kosa la gari. Angeikataa hii nayo, wangerudi nyumbani, trela lingekaa uani mwaka mwingine.

Nedra alikuwa anatazama mbele, mkono umekaa mapajani.

Ndipo basi la shule likapita. Lilikuwa la alasiri, lile lile la Orval, likishuka polepole na watoto wa White Bird. Dereva mpya alimtambua mzee akampigia honi. Watoto wakabandika nyuso viooni na kupunga mikono, na mmoja wa kiti cha mwisho akamtolea ulimi. Orval alilifuata kwa macho mpaka kona. Kama lingefika dakika chache mapema, lingekuwa mbele yake.

"Pedali hazina kosa," akasema.

"Bwana Stroud, nakwambia watu wengi..."

"Kip, nyamaza mwanangu. Sisikii miguu yangu. Sijui ilipo mpaka niitazame. Ndiyo maana niliacha basi." Alisema yote haya akikodolea usukani macho, kisha akageuka kwa mkewe, maana hilo ndilo lilikuwa gumu. "Nedra, sisikii miguu yangu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Wakati wa Krismasi ulitembea siku nzima na skrubu ndani ya kiatu. Ulipovua, soksi ilikuwa imeloa damu, ukaitupa kwenye kapu ukaja mezani unapiga mluzi. Niliifua mimi ile soksi, Orval. Niliifua mara mbili."

Hofu ya Orval ikageuka hasira. "Ukajua, na ukaniacha niendeshe?"

"Na wewe ukajua, na ukanipakia?" Sasa sauti yake ilipanda, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa nangoja useme! Kila gari ulilokataa nilisema moyoni, sasa atasema. Nilijua nikisema mimi ningekutia aibu mbele ya mji mzima. Tena nilitaka kwenda, basi. Nilitaka sana kwenda mpaka nikajidanganya kwamba kijiti kinatosha."

Kip alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, anachunguza kokoto. "Nitawarudisha mimi," akasema kwa upole. "Mkae tu."

"Wewe utakaa nyuma," akasema Nedra, akijifuta uso kwa mkono wa koti. Akafungua mlango, akazunguka kwa mbele, akasimama upande wa mumewe. "Nilikuwa naendesha lori la ngano la baba kabla hata sijaota matiti. Msimu mzima, gia zinalia. Kuna aliyewahi kuniuliza? Shuka."

Orval akashuka, ameshika mlango, akitazama kila hatua ya miguu yake. Akapanda upande wa abiria, mahali ambapo katika ndoa yao yote hakuwahi kukaa. Kutoka pale bonde lilikuwa karibu zaidi, na mteremko uliobaki ulikuwa mrefu, na aliogopa kuliko alivyoogopa akiwa kwenye usukani. Akapima kwa mkono. Kijiti alikifikia.

Nedra alikuwa mfupi. Kiti kilisogea mbele kwa mlio mdogo, kikasogea, kikasogea tena, mpaka miguu yake ikazikuta pedali. Akazikanyaga moja moja, taratibu, bila kuzitazama.

"Kip," akaita, "hiki kiti nakihifadhi vipi kinijue?"

"Bonyeza namba ushikilie, Bi Nedra. Bonyeza mbili. Moja ni ya Bwana Stroud."

Kidole cha Nedra kilisimama juu ya kitufe. Hakumtazama mumewe.

"Bonyeza moja," akasema Orval.