Mbio za Wakubwa na Mbio za Wadogo

Miaka ya mwanzo ya skuli yetu mjini Unguja, wanafunzi wote tulishindana mbio pamoja. Darasa moja lilikuwa na watoto wanaong'oka meno na watu wazima waliokwisha kuposa, kwa sababu skuli ilikuwa mpya na kila mmoja alianza alipopata nafasi. Siku ya michezo tulipangwa mstari mmoja pale uwanja wa Mnazi Mmoja, na kila mwaka kofia ya viua, iliyodariziwa kwa mkono, iliyokuwa zawadi ilichukuliwa na mtu mwenye masharubu.

Mwenzangu wa benchi aliitaka sana kofia ile. Alikuwa mfupi lakini mwepesi, na mwaka uliotangulia alipigwa kikumbo mwanzoni tu, akaanguka. Goti lilipopona alikwenda kwa mwalimu wa hesabu, aliyesimamia pia michezo, akamwomba wadogo wawe na mbio zao. Mwalimu akakubali, akaahidi na wadogo kofia yao. Shida ilikuwa kumjua mdogo ni nani. Hakuna kati yetu aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Mama zetu walipoulizwa walijibu kwamba tulizaliwa mwaka karafuu zilipokuwa nyingi, au kabla ya babu kuhamia shamba.

Walimu walibishana siku kadhaa. Mwalimu wa hesabu alitaka tugawanywe kwa madarasa. Maalim wetu wa Kurani alikataa, kwa kuwa darasa la kwanza ndilo lililokuwa na wenye ndevu wengi. Akashauri jambo lililoonekana la haki: anayefunga Ramadhani nzima ni mkubwa, asiyefunga bado ni mdogo.

Asubuhi ya mashindano Maalim alitangaza, "Anayefunga mwezi mzima apite kulia."

Tulipita karibu sote, hata wale waliopewa uji na mama zao adhuhuri ya Ramadhani. Mwenzangu alisita. Yeye alikuwa akifunga kweli, na bibi yake alikwisha kuwatangazia majirani.

"Kaa kushoto, bwana," nilimnong'oneza. "Mbio tu hizi."

"Nikae? Bibi atasikia kabla sijafika nyumbani."

Akaitazama kofia juu ya meza, kisha akapita kulia.

Kushoto alibaki mtu mmoja, mwanafunzi mrefu kuliko sote, ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo.

"Na wewe?" Maalim alimwuliza.

"Mimi Baniani, Maalim. Kufunga nafunga, lakini si Ramadhani."

"Basi kofia yake," mmoja akasema nyuma yangu. "Atashindana na kivuli chake."

"Siitaki," yule mrefu akajibu. "Nikipeleka nyumbani kofia ya watoto, baba atanicheka mpaka sikukuu yetu ya Diwali."

Maalim alicheka mwenyewe. "Kanuni yangu haifai," akasema. "Leteni kamba."

Kamba ilifungwa baina ya miti miwili, usawa wa kifua cha yule mrefu. Atakayepita chini yake bila kuinama ni mdogo. Hapo hapakuwa na aibu kwa yeyote. Mwenye masharubu mmoja alijaribu kukunja magoti ndani ya kanzu.

"Umefupika tangu jana, ndugu yangu," Maalim akamwambia. "Unaumwa?"

Wadogo walitangulia kukimbia. Mwenzangu alichomoka bila kuguswa na mtu, akaongoza zaidi ya nusu ya njia. Kisha akapitwa na mtoto mdogo zaidi yake, mzaliwa wa Makunduchi aliyekaa kwa shangazi yake mtaa wa Ng'ambo. Miaka yote hatukuwahi kumwona akikimbia, maana alikuwa nyuma ya wakubwa. Kofia akaichukua yeye.

Mwenzangu alimwendea mwalimu wa hesabu, akihema bado. "Mwalimu, yule apelekwe kwa wakubwa. Kasi ile si ya mdogo."

"Alipita chini ya kamba?"

"Alipita."

"Aliinama?"

"Hakuinama."

"Basi mwulize anafanyaje mazoezi."

Alinuna mpaka jua lilipotua. Lakini kesho yake alasiri niliwakuta wote wawili Mnazi Mmoja, kanzu zao zimetundikwa mtini, yule wa Makunduchi akimwonyesha namna ya kuanza, na mwenzangu akirudia tena na tena.