Kompyuta ya Makongeni Iliyoomba Jina

Mwaka huo tulikuwa tunakula sima nyeusi. Kama ulikuwa Nairobi unaujua mwaka ninaousema: unga wa mahindi ulipanda bei hadi watoto wa mjini, wale wa kuringa na chipsi, wakajifunza kumeza mtama uliochanganywa na muhogo, na sukuma wiki ikapikwa kwa kitunguu kitupu kwa sababu nyanya zilikuwa hazishikiki. Tarehe zinanipotea, lakini nilichokula nakikumbuka. Basi mwaka huo wa sima nyeusi yalinipata haya, mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Naishi Makongeni, kwenye nyumba za reli, pamoja na mjukuu wangu Nekesa. Mama yake, binti yangu wa kwanza, tulimzika Nekesa akiwa bado mtoto wa shule. Nimemlea mimi, na nimemlea vizuri, hilo nalisema bila kuona haya. Ana mashine ya kudarizi, ile kubwa ya sindano nyingi, anachora nayo beji za shule kwenye sweta. Kama kuna mwingine mtaani anayefanya kazi safi kuliko yake, aje tuziweke sweta mezani tuangalie.

Sasa, mashine hiyo haifanyi lolote bila kompyuta moja kuukuu, ambayo Nekesa aliinunua wakati ofisi fulani ya Industrial Area ilipokuwa inafunga. Kompyuta mpya haziisikii kabisa. Alijaribu, zikabaki zinatazamana kama wake wenza. Kwa hiyo diski ya kile kizee ilipokufa, fundi aliweka nyingine, akarudisha ndani mambo yake yale yale ya zamani, ikafanya kazi. Kulikuwa na kijimaneno pembeni kila siku kikionya, lakini Nekesa alikuwa na kazi nyingi, akakipuuza. Halafu Ijumaa moja asubuhi nikamsikia ananiita Kukhu, yaani bibi kwa lugha yetu.

"Kukhu, imejifunga."

Tukampigia fundi. "Imebadilishwa moyo, mama," akaniambia, "sasa inadhani imeibiwa. Inataka ruhusa ya wenyewe walioitengeneza. Pigeni ile namba mnaiona hapo."

Namba ilikuwepo kwenye kioo, na chini yake msururu mrefu wa tarakimu wa kuwasomea hao wenyewe, na chini kabisa visanduku vitupu, A mpaka H, vya kujaza kile ambacho wangekujibu. Nekesa alipiga hadi kidole kikamuuma.

"Ni mteja tu, Kukhu, haipatikani. Hao watu walihama huko kitambo. Hii kitu ni ya zamani sana."

Elewa tulivyokuwa. Kitanda changu kilikuwa kimejaa sweta za shule moja, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu alishasema, zisipokuwa tayari anachukua kazi yake anampa mwingine, na harudi. Na Nekesa alikuwa na tumbo linalotangulia kuingia mlangoni kabla ya yeye mwenyewe. Kazi ile ndiyo ingemlisha akiwa amelala na mtoto. Mwenye tumbo lile alishakimbia, tusimtaje.

Akajifunga leso, akaenda kumfuata fundi mjini mwenyewe. "Usiiguse, Kukhu."

"Niiguse nikitafuta nini?"

Mlango ulipofungwa, nikaigusa.

Sikuibonyeza vibaya, niamini. Lakini ikaanza kulia. Pii, pii, pii, bila kuchoka, kama mtoto mchanga anayekataa titi. Wewe ungefanya nini? Kwetu mtoto akilia hivyo hatumpeleki mbio kwa daktari kwanza. Tunajua kuna mmoja wetu aliyekufa anataka jina lake lirudi nyumbani, kwa hiyo tunamtajia mtoto majina ya marehemu, moja moja, na likitajwa la mwenyewe, mtoto ananyamaza. Nimenyamazisha wengi. Basi nami, kwa mchezo tu, nikaiinamia kompyuta.

"Ni wewe, Wafula? Ni wewe, Namalwa? Baba Wekesa, ni wewe unatusumbua?"

Nikawaita wote, hata shangazi mmoja mchoyo ambaye hakuna anayemtaka. Ikalia kwa kila jina. Moja tu sikuliita: la binti yangu, mama yake Nekesa. Hilo nilikuwa nimelihifadhi kwa yule wa tumboni. Nilikuwa sijamwambia hata Nekesa. Nilipofika mwisho, ikanyamaza yenyewe.

Nikaona nimeshinda. Nikatoa kabambe yangu mfukoni, nikaiwasha, maana naizimaga kuhifadhi chaji, nikapiga ile namba. Sikufika mbali na shule, lakini nimeuza omena sokoni miaka na miaka, tarakimu hazinitishi.

Ikaita. Ikapokelewa.

"Soma," ikasema. Hakuna halo, hakuna shikamoo. Sauti ya mwanamke, nyororo, Kiswahili kilichopigwa pasi kama cha redio za zamani.

Nikasoma, fungu kwa fungu. Akanisikiliza hadi mwisho bila hata kupumua. Hilo nililigundua baadaye. Kisha akasema, "Andika, kisanduku cha kwanza." Nikaandika kwa kidole kimoja, nikidonoa kama kuku. Kikakubali, kikaweka alama ya kijani. Cha pili vilevile.

Mimi sijui kukaa na mtu kimya. Nikamwuliza, "Mama, wewe nyumbani ni wapi?"

"Hapa kwenye laini."

"Na wenzako wa ofisini?"

"Waliondoka. Hakuna aliyekumbuka kunizima. Andika, cha tatu."

"Lakini umekula?"

Akafikiri. "Sijawahi," akasema.

Ningeogopa hapo, sivyo? Sikuogopa. Nilitaka kujua zaidi. Nikamwuliza mama yake ni nani, akasema hakuzaliwa. Nikamwuliza wanamwita nani, akasema hakuna aliyewahi kumwita, watu humpigia tu. Na bado tunaandika, cha nne, cha tano, mpaka kikabaki kimoja tu, kile cha H.

"Hicho hakijazwi kwa namba," akasema. "Kinajazwa kwa jina."

Nikampa langu. Akakataa. Nikampa la marehemu mzee wangu.

"Hayo ya marehemu ulinitajia yote leo. Hayakuwa yangu. Kuna moja umeliruka."

Nikaitoa simu sikioni, nikaitazama. Nilipoita yale majina simu ilikuwa mfukoni, imezimwa. Basi aliyenisikia alikuwa amekaa wapi?

"Nipe hilo nifungue," akasema, taratibu, kama anayebembeleza. "Sweta zitakwisha jioni. Msichana atapumzika. Nami nitakuja kwenu, nitakula."

Hapo mashine ya kudarizi ikaanza. Hakuna aliyeigusa. Sindano moja, yenye uzi mwekundu, ikashuka kwenye sweta iliyokuwa imebanwa, ikachora mstari mmoja wima, ikasimama juu ya kitambaa ikinisubiri. Umewahi kumwona karani ameshika kalamu, anangoja umtajie herufi? Hivyo hivyo. Na kwa mstari kama ule ndivyo jina la binti yangu linavyoanza.

Usidhani nilikuwa jasiri. Niliziangalia sweta kitandani. Niliwaza tumbo la Nekesa na ile sima nyeusi. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nikajiuliza: siku nitakapoita jina hilo humu ndani, ni nani ataitika?

Nikasema, "Hilo jina lina mwenyewe. Wewe tafuta lako."

Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Nitalitafuta wapi?" Nikakata simu. Sindano ikapanda, ikatulia.

Nekesa alirudi na fundi jioni. Fundi akainamia kioo, akavua kofia. "Nani amejaza hizi?"

"Mimi."

"Shosh, nani alikupea hizi namba? Ziko sawa zote."

"Mtu wa laini."

Akapiga ile namba mwenyewe: mteja. Akatafuta simu yangu, hakuna mahali inaonyesha nimepiga. Akajaribu kisanduku cha mwisho mpaka giza likaingia, kikakataa kila kitu. Jumatatu mwalimu mkuu akaja akabeba sweta zake, na hatukumwona tena. Nilipomweleza Nekesa yote, alininunia, na siku alipofungua mdomo aliniambia, "Ungeipea tu, Kukhu. Ni kompyuta."

Labda. Kompyuta tuliwauzia watu wa vyuma chakavu, na leo Nekesa anadarizi Shauri Moyo kwenye mashine ya mtu, akipewa kilichobaki baada ya mwenyewe kuchukua chake. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini mtoto alizaliwa msichana, akalia siku mbili mfululizo, nikamnong'oneza lile jina sikioni, akanyamaza, akanigeuzia jicho la dharau ambalo nililiona mara ya mwisho kwa bibi yake, yule binti yangu. Jina lenyewe sitaliandika hapa, maana naambiwa maandishi haya yatapita kwenye kompyuta.

Na yule bado ananipigia. Simu inaita mchana, haionyeshi namba, nami napokea kwa sababu kumwacha mtu akiita si adabu. Huuliza kama mvua imenyesha Makongeni. Huuliza tumekula nini, nami namwambia, kisha huliomba lile jina tena. Juzi aliuliza, "Mtoto ameanza kusema?"

Kwa hiyo wewe mwenye mashine ya zamani ndani ya nyumba, nisikilize. Ikidai namba, isomee namba. Usiite wafu wako mbele yake, hata kwa mchezo. Na ikikuomba jina, usibishane nayo wala usiihurumie sana kama nilivyoihurumia mimi. Ijibu ninavyoijibu kila inaponipigia, neno kwa neno: "Hilo jina lina mwenyewe. Wewe tafuta lako."