Shamba Lina Jina Langu, Anayelilima ni Mdogo Wangu

Admin, naomba ulifiche jina langu. Nina miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ni Kalasinga, kama mnavyotuita, mzaliwa wa Kisumu, na sasa naishi Birmingham na mke wangu wa Nakuru. Nimewaletea ninyi wasomaji wa Kiswahili jambo hili kwa sababu nikilitaja kwenye hekalu letu hapa Handsworth, litafika Punjab kabla sijamaliza kuvaa viatu.

Baba yetu alirudi India uzeeni pamoja na mdogo wangu, nitakayemwita Jeet. Mimi nikabaki Kisumu nikifundisha, kisha nikahamia Birmingham na mke wangu. Baba alipofariki, shamba lake la Punjab liliandikwa jina langu kwa kuwa ndimi mkubwa, na Jeet akaendelea kulilima: ngano wakati wa baridi, mpunga wakati wa mvua. Hatukuandikiana chochote. Kwetu, ndugu kumwandikia nduguye mkataba ni kutangaza kwamba mmegombana.

Niruhusuni nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye fundo. Benki za India zina kadi ya mkopo kwa wakulima. Benki inatazama ukubwa wa shamba na zao lenyewe, inakuwekea kiwango, nawe unachota kidogo kidogo kwa ajili ya mbegu, mbolea na dizeli, kisha unalipa baada ya mavuno kwa riba nafuu. Ni mpango mzuri, sina ubishi. Lakini afisa wa benki hatazami viganja vya mtu, anatazama hati ya ardhi. Jeet alipokwenda kuomba, aliambiwa kwamba mkulima ni mimi. Mimi, ambaye bamia nazifuata kwa basi dukani Soho Road!

Basi Jeet hukopa kwa dalali wa nafaka. Huyo haulizi hati. Fedha anatoa asubuhi hiyohiyo, lakini riba yake ni kali, na mavuno lazima yauzwe kupitia kwake ili akate chake kwanza. Kisima cha shamba kilipokauka, Jeet alikopa tena achimbe kingine chenye kina zaidi. Tangu hapo kila mavuno yanaishia kwa dalali.

Mwezi uliopita alinipigia. "Veerji," akasema, yaani kaka mkubwa, "nitumie hati ya kuniruhusu kusaini kwa niaba yako. Nikope benki kwa jina lako, nimlipe huyu mtu, nibaki na deni moja la kibinadamu."

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anakanda unga wa chapati, hakuinua macho.

"Mwalimu, deni litakuwa la nani?"

"Kwa karatasi, langu."

"Na kisima kikikauka tena, benki itachukua nini?"

"Shamba."

"Haya, umejijibu. Sehemu ya hilo shamba imenunuliwa na mshahara wangu wa kuogesha wazee wa watu hapa Birmingham. Au hilo halimo kwenye jiografia yako?"

Ni kweli. Baba alipoongeza ekari, fedha zilitoka kwa mke wangu.

Ndipo nikajiona mwerevu. Nilisoma nikagundua kwamba ziko benki zinazomkopesha mkulima mpangaji akionyesha mkataba wa kukodi. Nikanunua kadi ya simu, nikampigia Jeet na kumfafanulia kama niko darasani: nikukodishe shamba kwa maandishi, ukope kwa jina lako, ardhi isiwekwe rehani.

"Miaka yote nimekuwa mdogo wako. Leo nimekuwa mpangaji wako?"

"Jeet, ni karatasi ya benki tu."

"Huku hakuna karatasi tu. Karani akiisoma asubuhi, jioni kijiji kizima kitaniuliza kodi ya kaka yangu ni kiasi gani."

"Kwani heshima yako ndiyo itakayonunua mbolea?"

Neno hilo lilinitoka. Akakata simu, na kila nilipopiga hakupokea.

Jana shemeji yangu, mke wa Jeet, alinipigia kwa simu ya jirani, akinong'ona. Alisema Jeet haongei, hali chakula, anashinda ameketi kando ya kisima. Kisha akasema, "Ile dawa ya kunyunyizia mpunga nimeipeleka kwa mama yangu." Sikumuuliza kwa nini. Katika nchi ile ya wakulima wenye madeni, hakuna asiyejua kwa nini. Nilimwambia Jeet asiachwe peke yake na aonwe na daktari. Kaka yake shemeji amekwenda kulala kwa Jeet.

Mke wangu alisikia yote. Akasema, "Saini." Alipofika mlangoni akageuka: "Lakini ujue unasaini na jasho langu, na mimi hukuniuliza, nimejisemea mwenyewe."

Dalali amesema Jumatatu anakuja kuchukua trekta ya Jeet kufidia deni. Bila trekta, msimu huu hakuna kupanda. Nikisaini, Jeet atapumua, lakini kisima kikifa tena ardhi itaondoka mikononi mwake, na siku hiyo nani atamlinda? Nikimkatia sehemu yake iandikwe jina lake, kubadilisha hati huchukua miezi. Nisiposaini, nitakuwa nimelinda ekari na kumwacha ndugu.

Wakili nimemwona, sheria naielewa. Ninyi ndio ninaowauliza, mlioko Sparkbrook, Acocks Green na kwingineko, ambao huko Moshi au Kakamega kuna mdogo wenu anayelima ardhi yenye majina yenu. Usiku wa leo ile hati ya kumruhusu Jeet iko mezani na mke wangu amelala bila kuniaga. Nishike kalamu, au nisishike? Niambieni, ndugu zangu, nifanye nini?